Sura ya Sita: Pua Bila Mapafu

Kijana aliingia gereji akiwa amejitwika boneti kichwani, ameishika pembe mbili kama mchuuzi aliyebeba sinia la halua. Ilikuwa boneti ya mtumba, rangi ya fedha, imevimba katikati na kuachama mbele kwa tundu pana. Gari lake, Subaru Impreza ya mwaka 2006 yenye injini ya lita 1.5, lilikuwa chini ya mwarobaini tangu asubuhi. Fundi alikuwa ameinamia ubavu wa injini, mkono umezama hadi kiwikoni, akizitafuta plagi kwa vidole maana kwa macho hazionekani. Hapo ni Changamwe, Mombasa, karibu na bandari ambako magari ya Japani hushushwa melini na kuanza maisha yao ya pili.

"Wataka nikufungie hiyo?" fundi aliuliza bila kuinua kichwa.

"Ndiyo, fundi. Na rimu za dhahabu naletewa Jumamosi."

"Haya. Lakini hiyo ni pua, mwanangu. Mapafu yake yako wapi?"

Benchi zima lilicheka, nami nikacheka nao. Kijana hakujali, aliilaza boneti juu ya matairi mawili makuukuu, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati. Nimeyasoma mengi kuhusu Impreza tangu siku hiyo, na bado sijaona aliyelieleza gari hilo kwa maneno machache kuliko yule fundi. Historia yake nzima ni ya pua na mapafu: gari dogo la kwenda sokoni na gari la mashindano, pacha waliozaliwa siku moja, wakavishwa nguo za namna moja, hadi ulipofika mwaka wa kuwatenganisha.

Tuanze na pua. Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Upande wake wa pili hushindilia hewa ndani ya silinda, ili petroli nyingi zaidi iungue kwa mkupuo mmoja. Tatizo ni kwamba hewa ikishindiliwa hupata moto. Aliyewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi bomba lake linavyounguza vidole. Hewa yenye moto hutanuka ikawa nyepesi, na injini ikavuta kidogo kuliko ilivyotarajia. Ndiyo sababu hewa hiyo hupitishwa kwanza kwenye kifaa kinachofanana na rejeta ndogo, mafundi hukiita intakula, ipoe kabla ya kuingia. Watengenezaji wengi huificha intakula mbele, nyuma ya bampa. Subaru waliilaza juu ya injini, chini kabisa ya boneti, na upepo wa kuipoza ukakosa njia. Wakaitoboa boneti. Lile tundu ambalo vijana hulipenda kama taji lilianza kama dirisha la jikoni.

Nyota sita

Wajapani huliita Subaru lile kundi la nyota ambalo wazee wetu waliliita Kilimia, kwa kuwa lilipojitokeza waliokuwa na majembe walijua msimu wa kulima umewadia. Wazee hao wana methali yake pia: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Tuiweke akiba, tutaihitaji.

Kiwanda chenyewe kilizuka baada ya kuzama. Nakajima ilikuwa kampuni kubwa ya ndege za kivita, na Japani iliposhindwa vita mwaka 1945 ilikatazwa kuunda ndege, ikavunjwa vipande. Mwaka 1953 vipande vitano viliungana kuunda Fuji Heavy Industries, na magari yake yakapewa jina la nyota. Nembo ina nyota moja kubwa na tano ndogo, kampuni mama na watoto wake. Tangu 2017 kampuni yote inaitwa Subaru.

Wahandisi waliozoea ndege hufikiri kwa uzito na mizani, na labda hilo ndilo lililowavutia kwenye injini ya kulala. Katika injini ya kawaida pistoni husimama, zikapanda na kushuka. Katika injini ya boksa zinalala, nusu kulia na nusu kushoto, na zile zinazoelekeana hutoka na kurudi kwa pamoja kama mabondia wanaogonganisha glavu kabla ya kengele. Injini ya namna hiyo ni pana na fupi, inakaa chini, na gari lenye uzito wake chini halipepesuki kwenye kona. Subaru 1000 ya mwaka 1966 ilikuja na boksa. Mwaka 1972 wakaja na Leone ya steshenwagoni iliyovuta kwa magurudumu manne, wakati ambapo kwa walio wengi uvutaji huo ulikuwa kazi ya malori na magari ya jeshi. Boksa na magurudumu manne: sahani na kawa. Hadi leo hivyo viwili ndivyo vinavyomtambulisha Subaru.

Mwaka 1989 Legacy ikachukua nafasi ya Leone, na chini ya boneti yake kulikuwa na injini mpya, jina lake EJ20: silinda nne, lita mbili, na turbo kwa anayetaka. Mwezi Januari mwaka huo waliipeleka kwenye njia ya duara huko Arizona, Marekani, wakakimbia kilomita 100,000 kwa wastani wa kilomita 223 kwa saa, mchana na usiku kwa zaidi ya wiki mbili. Injini haikufa. Kumbuka jina hilo, EJ20, maana itaishi miaka thelathini.

Sheria ya magari 2,500

Watu hudhani magari madogo ya kasi yalizaliwa na mapenzi ya kasi. Impreza ya kasi ilizaliwa na kifungu cha sheria.

Baada ya madereva na watazamaji kufa katika rali za katikati ya miaka ya themanini, FIA, shirikisho la mchezo wa magari duniani, lilipiga marufuku magari yale ya ajabu yaliyotengenezwa machache kwa ajili ya mashindano tu. Kuanzia 1987 ubingwa uligombewa kwa magari ya Kundi A, na sharti la Kundi A lilikuwa rahisi kulieleza: unachokipeleka kwenye mashindano, kiuze kwanza kwa watu. Mwanzoni gari lilitakiwa liwe limetengenezwa mara 5,000. Baadaye hesabu ikapunguzwa hadi 2,500. Anayetaka turbo na magurudumu manne kwenye rali alilazimika kuvitia kwenye gari ambalo mwalimu au karani angeweza kulinunua dukani.

Legacy ilikuwa ndefu mno kwa njia nyembamba za msituni. Wakalichukua umbo lake la chini, wakalipunguza sentimita sita kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, wakalijengea mwili mwepesi. Novemba 1992 Impreza ikaingia sokoni Japani. Upana wake haukufika mita 1.7, kipimo ambacho Wajapani huyatenga magari madogo kwa ajili ya kodi. Aliyetaka lita 1.5 ya kumpeleka mtoto shule alipewa. Aliyetaka WRX alipewa mwili uleule, milango ileile, vioo vilevile visivyo na fremu, ila ndani kulikuwa na EJ20 yenye turbo na nguvu za farasi 240 zikisukuma gari la takribani kilo 1,200. Mitsubishi, kwa kulazimika na sheria hiyohiyo, wakatoa Lancer Evolution msimu uleule. Magari hayo mawili yatasukumana kama kaka wa mtaa mmoja kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mashindano yenyewe Subaru waliikabidhi kampuni ya Uingereza, Prodrive, ya David Richards, yenye karakana zake mjini Banbury. Agosti 1993, katika rali ya Maziwa Elfu nchini Finland, Impreza ilishindana kwa mara ya kwanza na Ari Vatanen akaifikisha ya pili. Mwaka uliofuata Carlos Sainz aliipa ushindi wake wa kwanza, kule Ugiriki. Mwaka 1995 Sainz na mwenzake wa timu moja, Mskoti Colin McRae, walifika rali ya mwisho, ile ya Uingereza, wakiwa na pointi sawa. McRae alipasukiwa na tairi, akapoteza dakika, akazirudisha zote kwa kuendesha kama mtu anayedaiwa. Akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 27, na hakuna aliyewahi kuutwaa ubingwa huo akiwa mdogo kuliko yeye hadi wakati huo. Kwa upande wa watengenezaji, Subaru walilibeba taji mwaka 1995, 1996 na 1997. Gari lilikuwa la buluu, limeandikwa 555, namba ya sigara za mdhamini wake, kwa njano, likitimua vumbi kwa rimu za dhahabu. Rimu za dhahabu ambazo kijana wa Changamwe alikuwa akizisubiri Jumamosi zilianza safari yao huko.

Kwa nini inanguruma hivyo

Kuna watu wasiojua kutofautisha Impreza na Corolla kwa macho, lakini WRX ikipita nje usiku, watakuambia bila kufungua pazia. Ule mngurumo wa kukatakata, kama ngoma inayopigwa na mtu mwenye kidole kimoja kilichovunjika, una asili yake.

Silinda za EJ20 zimehesabiwa hivi: ya kwanza na ya tatu upande mmoja, ya pili na ya nne upande mwingine. Huwaka kwa mfuatano wa moja, tatu, mbili, nne. Maana yake upande wa kwanza hupumua mara mbili mfululizo, kisha hukaa kimya wakati upande wa pili nao ukipumua mara mbili. Kama mabomba ya moshi yangekuwa na urefu sawa, mapigo manne yangefika kwenye turbo kwa nafasi zinazolingana na sauti ingekuwa laini. Lakini turbo imewekwa upande mmoja wa injini. Moshi wa upande wa mbali hulazimika kuzunguka chini ya injini kwa bomba refu, ukachelewa. Mapigo mawili hufika kwa wakati, mawili hufika yamechoka njiani. Sikio husikia hitilafu hiyo kama muziki.

Ni mfano mzuri wa jinsi gari linavyopata tabia. Hakuna aliyeketi ofisini akaamua Subaru ingurume. Ilitokana na mahali palipopatikana pa kuiweka turbo.

Pua ya pili

Rali ya Safari ilianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi ilikuwa rali ya peke yake duniani: barabara hazikufungwa. Dereva alikuwa akija kwa kilomita 200 kwa saa akijua kwamba nyuma ya kilima kinachofuata anaweza kukutana na basi, kundi la mbuzi, au twiga. Timu kubwa zilirusha helikopta juu ya gari ili rubani aone mbele na kuonya kwa redio.

Impreza iliyokuja Safari haikufanana na ile ya Ulaya. Iliinuliwa, ikafungwa vyuma vya kukinga wanyama mbele, ikaongezwa taa, na kando ya kioo cha mbele likapandishwa bomba la kuvutia hewa hadi usawa wa paa, injini isinywe maji kwenye mito. Pua ya pili, mngesema. Ukitazama picha za gari hilo likivuka maji ya kahawia, unaelewa kwamba huku kwetu pua haikuwa ya kupoza tu. Ilikuwa ya kuokoa roho.

Mmoja wa walioufanya mchezo huu uwe wa wenyeji, badala ya kuwa wa wageni na walowezi, alikuwa Mkenya Patrick Njiru. Mwaka 1993 Subaru walileta Vivio, gari dogo la injini ya sentimita za ujazo 660, ambalo ungeona huruma kulipandisha Nyali Bridge likiwa na watu wanne. McRae naye alipewa la kwake, na halikufika mwisho. Njiru alilileta la kwake nyumbani katika nafasi ya 12. Mwaka uliofuata, akiwa na Impreza WRX ya aina iliyokaribia kabisa ile ya dukani, alimaliza Safari wa nne. Kwa watu wengi wa Kenya, jina Subaru lilianza siku hizo na lilikuwa na sura ya Njiru kabla halijawa na sura ya McRae.

McRae alirudi mwaka 1997 na kuishinda Safari kwa Impreza mpya. Mwaka 2000 Richard Burns alishinda, na Juha Kankkunen akafuata wa pili, Impreza mbele na Impreza nyuma. Ushindi wa namna hiyo haufutiki upesi vichwani. Kuna dereva wa Kenya aliyezaliwa miaka hiyo, mtoto wa Phineas Kimathi ambaye naye alikuwa dereva wa rali, na jina alilopewa ni McRae. Mwaka 2022 McRae Kimathi alipanda ndege hadi Sweden kushindana kwenye theluji, kijana wa nchi ya vumbi mwenye jina la Mskoti.

Sheria ilipobadilika

Sasa turudi kwenye kifungu cha sheria, maana kilichozaa ndicho kilichoua, ila kwa polepole sana hivi kwamba wakati ule ilionekana kama sherehe.

Mwaka 1997 FIA walianzisha daraja jipya la gari la rali la dunia. Mtengenezaji aliruhusiwa kuchukua gari la kawaida linalouzwa kwa wingi, hata kama linavuta kwa magurudumu mawili na halina turbo, kisha akavitia yeye mwenyewe karakanani. Sharti la kuwauzia watu kile unachoshindania likaondoka. Ndiyo maana Ford Focus na Peugeot 206 zilishinda rali za dunia bila wewe kuweza kununua inayofanana nazo kwa ndani.

Subaru hawakuwa na sababu tena ya kuendelea kuuza WRX, isipokuwa moja: watu walikuwa wakiipenda. Mwaka 1998 walitoa 22B, ya milango miwili, matao ya magurudumu yamevimba, injini imepanuliwa hadi lita 2.2. Japani zilikuwa 400 tu. Wakati huohuo wachezaji wa PlayStation, wengi wao wakiwa hawajafikia umri wa kupata leseni, walikuwa wakiiendesha Impreza ya buluu katika mchezo ulioitwa kwa jina la McRae. Vijana wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam walijifunza kona za Ugiriki wakiwa wamekaa kwenye mkeka.

Kizazi cha pili kilikuja mwaka 2000 na taa za mviringo. Watu walizipigia kelele. Baada ya miaka miwili taa zikabadilishwa, na baada ya mitatu zikabadilishwa tena, na wapenzi wa gari wakayapa macho hayo majina: jicho la mdudu, jicho la tone, jicho la mwewe. Gari la kijana wa Changamwe ni jicho la mwewe. Kwa macho ya mdudu Burns alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2001. Kwa macho ya tone Petter Solberg wa Norway akautwaa mwaka 2003. STI, ile WRX kali zaidi, ilipewa gia sita na breki za Brembo. Lakini mizani nayo ilisema: STI sasa ilizidi kilo 1,400. Mwili uliongezwa vyuma vya kumlinda abiria gari likigongwa, mifuko ya hewa, vizuia kelele. Hakuna mzazi atakayelalamikia hayo. Dereva aliyezoea GC8, kama wapenzi wanavyoliita lile la kwanza kwa namba yake ya kiwandani, alilalamika kimyakimya.

Mwaka 2007 kizazi cha tatu kikaja bila mkia, mlango wa nyuma ukifunguka juu hadi paa, na vioo vya milango vikiwa na fremu. STI yake ilikuwa na upana wa mita 1.795. Ile gari iliyokatwa makusudi isizidi mita 1.7 ilikuwa imenenepa kwa takribani sentimita kumi katika miaka kumi na mitano. Ilikuwa imara zaidi, ya haraka zaidi, na hata nyuma ilitulia zaidi. Kosa lake lilikuwa kufanana na magari ya watu wengine.

Mwaka huohuo, mwezi Septemba, McRae alikufa katika ajali ya helikopta karibu na nyumbani kwake Scotland. Burns alikuwa ametangulia mwaka 2005 kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 34. Desemba 2008, dunia ikiwa kwenye msukosuko wa fedha, Subaru walitangaza kujitoa kwenye ubingwa wa rali. Buluu na dhahabu zikaondoka njiani.

Pacha wanatengana

Mwaka 2014 likafanyika lile ambalo hesabu zilikuwa zimekwisha kulisema. WRX ilitolewa kwenye jina la Impreza, ikawa gari linalojitegemea. Impreza ikabaki gari la familia: inakula mafuta kwa kiasi, ina kamera za kumsaidia dereva kufunga breki, na kizazi chake cha tano kilitunukiwa Gari la Mwaka Japani kwa msimu wa 2016 na 2017. Ni gari zuri. Halimnyimi mtu usingizi.

WRX nayo iliondoka na injini mpya ambayo mabomba yake yalipangwa kwa usawa zaidi, na mngurumo ukapungua. Walioinunua kwa ajili ya sauti wakajikuta wanatafuta mabomba yasiyolingana ili kuirudisha hitilafu. STI peke yake iliendelea na EJ kwa miaka michache. Mwaka 2019, injini ya EJ20 ikiwa na miaka thelathini na sheria za moshi zikiwa zimeifika shingoni, Subaru waliiaga huko Japani kwa magari 555, namba ya zile sigara za kwenye ubavu wa buluu, wakayagawa kwa kura kwa wanunuzi. Machi 2022 wakatangaza kwamba STI mpya ya petroli haitatengenezwa juu ya umbo jipya la WRX. Lancer Evolution ilikuwa imeagwa kabla yao. Impreza ya kizazi cha sita, iliyoonyeshwa mwisho wa 2022, haina tena saluni na haina turbo.

Mtu anaweza kusema pacha wote wawili wanaendelea vizuri, na atakuwa sahihi. Ila kile kilichowapa maana kilikuwa ujamaa wao. Mwenye lita 1.5 aliketi ndani ya mwili unaofanana na wa gari la McRae, akafunga mlango uleule usio na fremu, akageuza funguo akiwa na haki ya kuota. Mwenye WRX naye alipata gari la mbio lenye nafasi ya magunia mawili ya mkaa. Sheria iliwafunga pamoja tajiri wa kasi na maskini wa kasi, na ilipolegeza kamba kila mmoja akaenda na njia yake.

Mvua ya Changamwe

Huku kwetu, hata hivyo, magari hayaji kwa mpangilio wa historia. Kenya huruhusu gari la mtumba lisilozidi miaka minane, hivyo kinachotembea barabarani ni mwangwi wa Japani ya juzi. Nyingi ya Impreza zinazoshushwa ni zile za upole. WRX ipo, lakini bei yake na njaa yake ya petroli huwachuja wanunuzi. Inapoharibika, turbo au gaskiti ya silinda hedi hula mshahara wa miezi. Ndipo vijana wanapofanya kazi ambayo kiwanda kimeikataa: wanaitafuta pua kwa wauza spea, wanazipaka rimu dhahabu, wanawarudisha pacha kwenye mwili mmoja.

Fundi alimaliza plagi kabla ya adhuhuri. Waliinua boneti ya zamani wakiwa wawili, wakaifunga mpya, ikakaa sawasawa kwa sababu kiwandani pacha walikatiwa kwa kipimo kimoja. Kijana akarudi nyuma hatua tano, akaitazama kwa jicho moja limefumbwa. Wingu lilikuwa limetanda upande wa bahari.

Fundi akaifungua tena. Akaokota kipande cha bati, akakikata kwa mkasi, akakikunja pembe, akakifunga kwa ndani kwa skrubu nne, akaliziba lile tundu kwa chini.

"Sasa upepo utapitaje?" kijana aliuliza.

"Upepo uende wapi, mwanangu? Humu hamna wa kumpoza. Hii ni ya mvua, isikudondokee kwenye altaneta."

Kijana alilipa, akawasha gari, akatoka taratibu kuelekea barabara kuu, pua juu. Mvua ikaanza kabla hajafika kona.